Posho imekwisha, vijana wameondoka. Nifanye nini?

Shangazi,

Nakuita Shangazi kwa kuwa ndivyo safu inavyoitwa, ingawa huenda mimi ni mkubwa kwako. Nina miaka 64, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Igombe huku Ilemela, Mwanza, hatua chache kutoka mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi ya Ziwa Victoria inapofikia. Wengi wa wanaovuta nyavu hapa leo niliwashika mkono mimi kuwafundisha a, e, i, o, u.

Meli ya MV Bukoba ilipozama ziwani Mei 1996 nilikuwa na darasa la tatu. Sitaisahau wiki ile. Tangu hapo nimekaa na jambo moja moyoni: watoto wetu wanazaliwa na maji mlangoni, lakini hakuna anayekaa nao kuwaeleza maji ni nini. Nilipostaafu, miaka minne iliyopita, nikaanzisha kikundi cha vijana wa kujitolea. Walikuja 19, wavulana 11 na wasichana 8. Kila Jumamosi asubuhi tunasafisha mwalo, halafu tunakwenda kwa watoto. Tunawafundisha kuvaa jaketi okozi, kutopanda mtumbwi uliojaa, kutokwenda kuchota maji peke yao giza likiingia. Siku za dawa za kichocho tunasaidia shuleni kupanga watoto na kuwapima urefu. Kuna wazee wanne wasio na mtu, tunawachotea maji. Jumatano jioni tunakaa kikao.

Miaka ya mwanzo hakuna aliyelipwa. Kila mtu alikuja na fagio lake kutoka kwao, na tulikuwa na furaha, Shangazi. Mimi napika uji, tunakunywa, tunaanza kazi.

Kisha likaja shirika moja na mradi wa miezi minane. Sisemi ni wabaya, walituletea jaketi okozi 20 na mafunzo mazuri. Lakini kila kwenye semina palikuwa na karatasi ya kusaini na posho ya shilingi 10,000, soda na fulana. Mradi ukaisha. Jumamosi ya kwanza baada ya hapo wakaja 12. Ya pili wakaja watano. Sasa wanakuja watatu, na mmoja wao ni mjukuu wangu ambaye nadhani anaogopa kuniudhi.

Kuna wawili ambao wameniumiza kuliko wengine. Mmoja ni kijana aliyekuwa kama mkono wangu wa kulia. Anafanya kazi kwenye mtumbwi wa dagaa, usiku kucha ziwani, na bado asubuhi ya Jumamosi alikuwa anafika, macho mekundu. Amepanga chumba mbali, anakuja kwa bodaboda, elfu moja kuja na elfu moja kurudi. Siku aliyoniaga aliniambia, "Mwalimu, nakuheshimu sana. Lakini nimetoa nauli yangu miaka mitatu na sijawahi kuulizwa ninaonaje." Akaondoka, sasa yuko kambi ya wavuvi kisiwani Kome. Wa pili ni binti, ndiye aliyekuwa mwandishi wetu wa kumbukumbu. Anaanika dagaa na mama yake. Mama amemkataza kuja. Alinijia mlangoni akaniuliza, "Mwalimu, binti yangu ataolewa na fagio?"

Juu ya hayo kuna maneno yanazunguka mwaloni kwamba nimekula fedha za fulana. Fedha za kikundi zilizobaki ni shilingi 340,000 na ziko kwenye simu yangu mwenyewe, kwa usalama, maana nikiwaachia vijana zitapotea. Mwenyekiti wa mtaa ananiambia niache kujisumbua, vijana wa siku hizi wameharibiwa na hela na kubeti.

Nifanye nini? Nitafute mfadhili mwingine ili posho irudi? Nitoe kwenye pensheni yangu? Au nikubali kwamba vijana wangu wamekwisha kuondoka? Na niambie ukweli: anayejitolea anadai malipo gani tena?

Mwalimu Mstaafu, Igombe

*

Shikamoo Mwalimu.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza niliona posho, kama ulivyoiona wewe. Mara ya tatu nikawa naona vitu viwili tu: lile neno la kijana wako kwamba hajawahi kuulizwa anaonaje, na zile 340,000 zilizo kwenye simu yako. Nitafika huko. Nianze na hesabu, kwa kuwa wewe ni mwalimu.

Kijana wako alikuwa anakuja Jumatano na Jumamosi. Bodaboda elfu mbili kila siku, hiyo ni elfu nne kwa wiki. Tukihesabu wiki nne tu kwa mwezi ni 16,000. Kwa miezi 36 ni 576,000. Mwalimu, huyu mtoto ambaye kipato chake kinategemea dagaa wameingia au hawakuingia, ametoa mfukoni mwake zaidi ya mara moja na nusu ya fedha zote ambazo kikundi kinazo leo. Umekuwa ukiuliza utampata wapi mfadhili. Ulikuwa naye. Alikuwa anakuja na macho mekundu na fagio mkononi, na hakuna aliyemwandika popote.

Kwa hiyo swali lako la mwisho nalijibu hivi. Anayejitolea anatoa muda wake, nguvu zake na akili yake. Hivyo ndivyo alivyoahidi. Hakuahidi kutoa nauli, vocha, sabuni ya kufulia nguo zilizochafuka mwaloni, wala kushinda njaa. Kumrudishia alichotumia si kumlipa, ni kutomfilisi. Naomba mtenganishe maneno haya kwenye kikao chenu, kwa kuwa yakichanganyika ndipo ugomvi unapoanza. Nauli na chakula cha siku ya kazi ni gharama. Posho ya semina ni kitu kingine kabisa, na mshahara ni kitu cha tatu. Kikundi chako hakiwezi mshahara na hakihitaji posho. Gharama kinaziweza, hata kwa kidogo, hata kwa kukubaliana kwamba anayetoka mbali arudishiwe nauli na anayetembea kwa miguu asidai kitu.

Kuhusu ule mradi, nakubaliana na uchungu wako, lakini si kwa sababu uliyoitaja. Wafadhili hawakuwaharibu vijana kwa kuwapa hela. Walichofanya ni kulipia kukaa. Kijana alipofagia mwalo hakupata kitu, alipoketi kwenye kiti cha plastiki akisikiliza alipata elfu kumi. Miezi minane ya somo hilo inatosha, na wewe unajua jinsi mtoto anavyojifunza kile unacholipa badala ya kile unachosema. Ukienda kutafuta mfadhili mwingine ili posho irudi, utakuwa unarudia darasa lile lile. Na pensheni yako usiiguse. Umeitumikia Tanzania kwa chaki miaka yote hiyo, pensheni ni ya dawa zako na mjukuu wako.

Hayo maneno ya mwenyekiti kuhusu vijana na kubeti sitaki uyameze. Kubeti kupo, naona foleni za vibanda kama unavyoziona wewe. Lakini angalia nani hufika kwanza ziwa linapodai watu. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wavuvi wa pale ndio walioingia majini na mitumbwi yao kabla vikosi havijafika. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipoanguka ziwani kule Bukoba, wavuvi tena. Kijana Majaliwa Jackson alipiga kasia kwenda kwenye ndege na kusaidia kuokoa abiria, na nchi nzima ikalijua jina lake. Alipewa shilingi milioni moja, na Rais akaagiza apewe nafasi kwenye Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nilifurahi sana siku ile, na bado nafurahi. Ila tangu hapo nimekuwa nikiwafikiria wale wa kila siku, anayemvisha mtoto jaketi okozi ili pasitokee ajali ya kupigwa picha. Huyo hana mkuu wa mkoa wa kumpa bahasha. Ana wewe tu, Mwalimu.

Sasa fedha. Sidhani umekula hata senti. Mtu mwizi haandiki kwenye barua kiasi kilichobaki. Lakini fedha za watu 19 zikikaa kwenye simu ya mtu mmoja, yule mmoja atasemwa, awe malaika. Na sababu uliyotoa, kwamba ukiwaachia vijana zitapotea, jiulize kama hawajaisikia. Mwalo ni mdogo. Wameisikia. Mtu uliyemwambia kwa vitendo kwamba si mwaminifu, kisha ukamwomba abebe ndoo ya maji ya mzee bila malipo, atabeba mwezi, atabeba mwaka, halafu atakwenda Kome.

Fanya hivi. Itisha kikao, waalike wote 19, hata walioondoka, hata wanaokusema. Weka mezani daftari, stakabadhi zote ulizo nazo, na simu yenyewe ikiwa na salio linaloonekana. Soma mapato na matumizi kuanzia siku ya kwanza ya mradi, pamoja na hizo fulana: zilinunuliwa ngapi, kwa bei gani, nani alipokea. Kama kuna stakabadhi imepotea, sema imepotea. Usiulize nani alianza maneno. Najua utatamani kuuliza, nami ningetamani, lakini siku utakayomtafuta mchongezi ndiyo siku hesabu zako hazitasikilizwa. Ukimaliza kusoma, waambie fedha hizi leo zinatoka kwangu. Wachague watu watatu, wafungue akaunti ya kikundi ambayo haitoi shilingi bila wote watatu kukubali, na wewe usiwe mmoja wa watatu hao.

Najua hapo nimekugusa. Soma tena polepole: usiwe mmoja wao.

Ukiniuliza nani awe mweka hazina, nitamtaja binti wa kuanika dagaa. Umesema alikuwa mwandishi wa kumbukumbu. Kwenye vikundi vingi nilivyovitembelea huku kandokando ya ziwa, kuanzia Luchelele mpaka Kayenze, wasichana huandika na kupika, wavulana hupanga na kusema. Binti anayeweza kuhesabu mabeseni ya dagaa wa watu kumi, akajua nani anadai na nani amelipwa, anaweza kushika hazina ya kikundi. Mama yake alipokuuliza kama ataolewa na fagio, hakuwa anakutukana. Alikuwa anauliza mtoto wake anapata nini kwako ambacho atakishika mkononi. Nenda kwake. Usiende na barua ya mwaliko, nenda saa ya kuanika, uchutame naye mkigeuza dagaa, umwambie, "Mama, nataka binti yako ashike fedha za kikundi, na akitaka kazi nitamwandikia barua inayosema alishika fedha za watu na hazikupungua." Na vikao visiwe jioni. Jumatano jioni kwa binti ni giza njiani na maneno ya majirani. Mama yeyote atakataza.

Hapo nimegusa ratiba, na hili linanikera kwa sababu ni dogo na linaua vikundi vingi. Jumamosi asubuhi ni ratiba ya mwalimu. Wavuvi wa dagaa hawaishi kwa Jumamosi, wanaishi kwa mwezi. Wewe umekaa mwaloni maisha yako yote, unajua: giza likiwa nene taa za sola zinawaka ziwani kama mji, na mbalamwezi ikitawala mitumbwi inavutwa ufukweni, nyavu zinashonwa, vijana wanalala na kucheza drafti. Hizo ndizo siku zao. Pangeni kazi kubwa za kikundi wakati wa mbalamwezi, na wakati wa giza wabaki wasiokwenda ziwani na kazi nyepesi, kama kuwachotea wazee maji. Kijana wako amekuja kwako miaka mitatu bila kulala kwa sababu kalenda yako ilikuwa ya ukutani. Hakukuambia. Nadhani alingoja aulizwe.

Nikuambie jambo langu. Nikiwa na miaka 19 nilijitolea siku ya kugawa dawa za kichocho kwenye shule moja ya kandokando ya ziwa. Kazi yangu ilikuwa kushika ule ubao mrefu wa kupimia watoto, unaoonyesha huyu vidonge viwili, huyu vitatu. Nilisimama na ubao kuanzia asubuhi mpaka saa tisa. Niligundua kitu: watoto waliokuja bila kula walikuwa wanatapika dawa, na wengi walikuwa wa upande mmoja wa kijiji, ambako mama zao hutoka alfajiri kwenda mwaloni. Nilitaka kusema tuanze na uji. Hakuna aliyeniuliza. Wageni walipewa chakula ndani ya ofisi, sisi tulioshika mbao tukaambiwa asante sana vijana. Sikukasirikia chakula. Nilikasirika kwamba nilikuwa na jibu na nikarudi nalo nyumbani. Mwaka uliofuata sikwenda. Kwa hiyo ninapomsikia kijana wako, ninamsikia kwa sikio la ndani.

Wewe ni wa huku, Mwalimu, huenda babu yako alikusimulia habari za nsumba ntale. Vijana wa kijiji cha Kisukuma walikuwa na umoja wao na kiongozi wao, kijana mwenzao. Mtu mwenye shamba kubwa alipotaka kulimiwa alizungumza na nsumba ntale. Vijana walikuja na majembe na ngoma, wakalima kwa mdundo, na hiyo ndiyo asili ya ngoma ya bugobogobo ambayo leo watalii wanaiangalia pale makumbusho ya Bujora. Wakishalima walikula na walipata chao. Mzee hakusimama katikati ya shamba akiwaambia nani ashike jembe lipi. Alieleza shamba linaanzia wapi na linaishia wapi, akaenda kukaa. Sisemi turudi huko, wasichana hawakuwa na sauti sawa katika mambo yale. Nasema tu kwamba mbele ya macho ya babu zetu kijana kuongoza vijana halikuwa jambo la ajabu, wala kula baada ya kazi hakukuwa aibu.

Kwenye barua yako umeandika "vijana wangu" na "mkono wangu wa kulia". Ni maneno ya mapenzi, na nina hakika wanayajua hivyo. Lakini mkono hauna kauli, Mwalimu. Wewe ndiye mwanzilishi, mpishi wa uji, mwenye ratiba, mwenye simu, na anayezungumza na mwenyekiti wa mtaa. Waachie vipande. Safari ijayo ya kwenda ofisi ya kata asiende mwalimu, waende wawili wao, wavae vizuri, wakosee maneno kama watakosea, wewe ukae nyumbani ungoje majibu. Kikundi kikiamua jambo ambalo wewe hulipendi na halina hatari kwa watoto, liache liende. Likiwa na hatari, sema hapana kwa sauti kubwa, na hapo watakusikiliza kwa sababu hukuwa unasema hapana kila siku. Kwa mfano wakitaka kuwafundisha watoto kuogelea, wazo ni zuri mno, lakini si popote penye maji. Kwenye maji yaliyotulia yenye majani ndiko konokono wa kichocho wanakokaa, na mamba mnawajua. Hapo wakae kwanza na watu wa zahanati na BMU, ile kamati ya wavuvi inayosimamia mwalo.

Kuna mambo ya ofisini ambayo nitayapitia haraka, maana afisa maendeleo ya jamii wa kata yako atayaeleza vizuri kuliko mimi. Kama kikundi hakijasajiliwa halmashauri, kisajiliwe, na katiba waiandike vijana. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa vijana, 4 kwa wanawake na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nataja hili kwa tahadhari. Huo ni mkopo, unarudishwa, na haufai hata kidogo kulipia nauli za kujitolea. Ukikopa ili kufagia mwalo, mtaishia kukimbiana. Lakini kama watano au kumi kati yao wanataka kazi ya kuwaingizia, tuseme kujenga vichanja vya kuanikia dagaa ili wasikae mchangani, kwa kuwa dagaa wasio na mchanga huuzwa kwa bei nzuri zaidi, basi hapo mkopo una maana, na faida yao wanaweza kukubaliana kutoa fungu dogo kwa nauli za kikundi. Wazo hilo litoke kwao. Nimelitaja kwa sababu mimi si mwanakikundi.

La pili, kumbukumbu. Kila aliyejitolea apewe barua yenye jina lake, kazi aliyofanya, kwa muda gani, ikiwa na mhuri wa kikundi na saini ya mtendaji wa mtaa. Usiandike "alikuwa kijana mwema". Andika alipima urefu watoto siku za dawa za kichocho, alitoa elimu ya jaketi okozi kwa madarasa fulani, alitunza vifaa 20 na vyote vipo. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na wanaotakiwa ni wakazi wa mtaa wenyewe. Binti au kijana mwenye barua kama hiyo anasimama mbele ya watu akiwa na kitu cha kuonyesha. Hata akienda kuomba kazi ghala la samaki Kirumba, atakuwa na la kusema zaidi ya cheti cha kidato cha nne.

Narudi kwa yule wa Kome. Usimwambie arudi. Ana kazi huko na huenda ana deni kwa tajiri wa mtumbwi. Mpigie siku za mbalamwezi, mchana, akiwa amelala vya kutosha. Umwambie umepiga hesabu ya nauli zake na umefika 576,000, na kwamba hukuwahi kuzihesabu kabla. Usilie, au ulie kidogo. Umwulize lile swali alilokuwa analingoja: wewe unaonaje? Halafu uchukue kalamu, kwa sababu atakuwa na mengi. Atakuambia habari za fulana, za ratiba, huenda atakuambia jaketi okozi 20 zimefungiwa nyumbani kwako wakati watoto wanavuka kila siku bila kitu. Sijui kama ni hivyo, ila kama ndivyo, toa ufunguo leo.

Usijitetee katika simu hiyo. Mwalimu hujitetea kwa kueleza, na wewe umeeleza miaka mingi. Andika tu. Yale atakayosema uyapeleke kwenye kikao cha hesabu kama yalivyo, uyasome kwa jina lake kama atakuruhusu.

Na siku ya kikao hicho, uji upike kama zamani, wape wote, kisha uchukue kiti chako ukiweke nyuma karibu na mlango. Akitokea wa kukuuliza "Mwalimu, tuanze?", mwambie akamuulize yule binti mwenye daftari.

Marejesho yako nayasubiri. Niandikie mbalamwezi ikipita, uniambie walikuja wangapi na walisema nini.

Shangazi